Pweza, Ngisi na Dome: Ndugu Watatu wa Bahari ya Wasini

Mtu asafiriye kutoka Mombasa kwenda kusini huvuka kivuko cha Likoni, akapita Ukunda na Msambweni, akavuka mto Ramisi, kisha akaiacha barabara kuu iendayo Lunga Lunga na kushika njia ya kushoto mpaka inapoishia baharini. Hapo ndipo Shimoni, mji mdogo uliopata jina lake kwa sababu ya mapango makubwa yaliyomo katika miamba yake. Mbele ya mji, ng'ambo ya mkondo wa maji, kimelala kisiwa cha Wasini, chenye urefu wa kilometa tano hivi. Kisiwani hakuna mto wala motokaa. Tangu zamani maji ya kunywa yalikuwa ya mvua, yakikingwa katika mabirika na kutumiwa kwa hesabu. Wenyeji ni Wavumba, na kazi yao kubwa ni bahari.

Wageni wengi hufika huko kutazama pomboo, na samaki wa kila rangi waliomo katika hifadhi ya Kisite na Mpunguti, iliyotangazwa na Serikali katika miaka ya 1970. Walakini wako viumbe wengine katika bahari hiyo hiyo ambao wageni huwala mezani bila kuwajua, na hata wenyeji wa pwani huwachanganya majina. Viumbe hao ni pweza, ngisi na dome.

Asubuhi moja, mashua zilipokuwa zimerudi na wachuuzi wamekwisha kukusanyika ufukoni, msafiri mmoja kutoka bara alisimama mbele ya kapu la mvuvi mzee. Alipokwisha kuamkia na kuitikiwa, aliuliza:

"Mzee wangu, hawa ngisi wote ni bei gani?"

Mzee alicheka kidogo, akaweka mkono juu ya kapu. "Mwanangu, hao si ngisi wote. Huyu wa chini ni pweza. Huyu mrefu ndiye ngisi. Na yule mpana ni dome. Ni ndugu, lakini kila mmoja ana nyumba yake."

Maneno hayo yalikuwa machache, lakini mtu akiyafuata mpaka mwisho ataona kuwa ndani yake mna elimu kubwa, na tena mna riziki ya watu wengi.

UNDUGU WAO

Kwanza yafaa kufahamu kuwa hao watatu si samaki hasa. Samaki ana uti wa mgongo, hawa hawana. Ukoo wao ni mmoja na ukoo wa konokono, chaza na kome, ijapokuwa mtu akiwatazama hawezi kusadiki. Hapo kale sana mababu wao walikuwa na gamba la nje kama konokono. Baada ya vizazi visivyohesabika gamba hilo liliingia ndani ya mwili, likapungua, na kwa wengine likapotea kabisa. Ajuaye jambo hili ameshika ufunguo wa kuwatofautisha, kama itakavyoonekana.

Wote watatu wana mioyo mitatu. Miwili husukuma damu kwenye matamvua, na wa tatu huisambaza mwilini. Damu yao ina rangi ya buluu, kwa sababu kinachochukua hewa ndani yake ni shaba, wala si chuma kama katika damu ya binadamu. Wote wana mdomo mgumu uliopindika kama wa kasuku. Wote huweza kuvuta maji mwilini na kuyatoa kwa nguvu katika bomba dogo, wakaruka kinyumenyume kama mshale. Wote wana wino wa kumwaga wakati wa hatari, ili adui apigane na kivuli na wao wawe wamekwenda zao.

Tena wote hubadili rangi ya ngozi kwa kupepesa jicho. Pweza akitua juu ya mwamba wenye madoadoa huwa mwamba wenye madoadoa. Dome akilala mchangani huwa mchanga. La ajabu zaidi ni kwamba wataalamu waliochunguza macho yao wameona kuwa wengi wa viumbe hawa hawatambui rangi kama binadamu azitambuavyo. Hata hivyo huzivaa kwa ustadi usiopatikana kwa fundi yeyote wa nguo.

PWEZA, MKAZI WA TUNDU

Pweza ana mikono minane, nayo katika Kiswahili huitwa minyiri. Hana mikono mingine mirefu ya ziada. Kila mnyiri una vinyonyeo vilivyobandikwa moja kwa moja juu ya nyama, laini, visivyo na meno. Mfuko ule wa mviringo ambao watu wengi huudhani kuwa ni kichwa, kwa hakika ndio kiwiliwili chake, nao una mioyo, tumbo na mfuko wa wino.

Pweza wa miambani ndiye aliyelipoteza gamba lake zaidi ya ndugu zake. Ukimpasua hutakuta mfupa wala ubao. Kitu kigumu katika mwili wake ni mdomo tu; kwa hiyo tundu lolote ambalo mdomo wake wapita, yeye mzima hupita. Ndiyo sababu aliweza kuyafanya matundu ya miamba kuwa nyumba yake. Pweza avuliwaye zaidi katika pwani hii huwinda mchana. Huenda akatafuta kaa na kome, akawaleta nyumbani, akala, kisha akatupa maganda mlangoni. Mvuvi hodari hatafuti pweza. Hutafuta takataka zake. Akiona maganda mapya ya kaa mbele ya tundu hujua kuwa mwenye nyumba yumo.

Mboni ya jicho la pweza ni kama mstari uliolazwa. Alama hii yafaa kukumbukwa sokoni.

NGISI, MSAFIRI WA MAJI MAPANA

Ngisi ana mikono minane kama pweza, na juu ya hiyo ana miwili mingine mirefu, ambayo huirusha ghafula kukamata windo na kuirudisha. Kwa hiyo jumla ni kumi. Vinyonyeo vyake havikubandikwa juu ya nyama, bali vina vikonyo vidogo, na ndani yake mna pete ngumu, mara nyingi zenye meno madogo ya kushikia. Mwili wake ni mrefu, umechongoka nyuma, na mboni yake ni ya mviringo.

Yeye hana tundu wala mlango. Huenda kwa makundi katika maji mapana, na usiku hufuata mwanga. Wavuvi hutoka na taa, wakamvuta kwa nuru, na wengine humtega kwa chambo cha bandia kilichofanywa mfano wa kamba. Ukimpasua ngisi mgongoni utatoa kipande chembamba, laini, kinachopenya nuru kama kioo, chenye umbo la unyoya. Hilo ndilo gamba la mababu lililobaki kwake: limekuwa jepesi ili lisimchoshe katika safari.

DOME, MKAZI WA NYASI NA MCHANGA

Dome naye ana mikono kumi, lakini ile miwili mirefu huificha yote katika mifuko miwili chini ya macho, hata mtu asiyemjua akihesabu ataona minane na kudhani ni pweza wa aina nyingine. Mwili wake ni mpana na bapa kama sahani ndefu, na pembeni umezungukwa na utepe wa mapezi unaotikisika kama upindo wa kanga katika upepo. Mboni ya jicho lake ina umbo la herufi W. Hakaribii kasi ya ngisi. Hupenda kuelea polepole juu ya nyasi za bahari na kujifukia mchangani.

Gamba lake ndilo kubwa kuliko ya wenzake. Ni ubao mweupe wa chokaa, mwepesi, ambao mara nyingi huonekana ufukoni baada ya dome kufa na nyama yake kuoza. Watoto huuokota na kuuchezea. Masonara wa nchi nyingi waliuchonga wakaufanya kalibu ya kumiminia pete, na wafugaji wa ndege huutia tunduni ili ndege wapate chokaa na kunoa midomo yao. Lakini kwa dome mwenyewe kazi yake ni nyingine. Ndani yake mna vyumba vidogo vingi sana. Dome akitaka kuzama huongeza maji katika vyumba hivyo. Akitaka kuelea huyapunguza na nafasi ikashikwa na hewa. Hivyo husimama katikati ya maji bila kuchoka.

Yuko ngisi mmoja wa miambani ambaye huwakosesha hata wazoefu, kwa kuwa mapezi yake yamezunguka karibu mwili mzima kama ya dome. Sokoni watu hubishana juu yake. Dawa ya ubishi ni kisu: mpasue mgongoni. Ukitoa ubao wa chokaa, ni dome. Ukitoa unyoya wa kioo, ni ngisi. Usipotoa kitu, hukuhitaji kuuliza, kwani ni pweza.

Mbali na hao watatu yuko jamaa wa nne, ambaye hakai katika bahari ya Kenya. Wazungu humwita nautilus. Yeye peke yake ndiye aliyebaki na gamba la nje, la duara, lenye michirizi ya rangi ya kahawia, na mikono yake hupata tisini wala haina vinyonyeo. Wino hana. Hukaa katika maji ya kina huko Ufilipino, Indonesia na visiwa vya mashariki, na gamba lake tupu huelea masafa marefu, hata mara mojamoja likatupwa kwenye pwani za Afrika Mashariki. Kwa sababu ya kuvuliwa mno kwa ajili ya gamba hilo zuri, mataifa yalikubaliana mwaka 2016 kuiwekea masharti biashara yake.

MLANGO ULIOFUNGWA KWA MAWE

Nautilus huweza kuishi miaka 20. Lakini pweza, ngisi na dome wa bahari hizi wengi wao hawauvuki mwaka mmoja au miwili. Hukua kwa haraka mno, huzaa mara moja, kisha hufa. Hapo ndipo tofauti ya nyumba zao inapokuwa jambo kubwa.

Ngisi hutaga mayai yake katika vifuko vya utelezi, akavibandika kwenye nyasi au miamba, akaenda zake. Dome hutaga moja moja, akiyaficha kwa uangalifu, naye huyaacha. Pweza jike hafanyi hivyo. Huingia tunduni, akayatundika mayai yake darini kama vishada, mengi sana, kisha huuziba mlango kwa mawe na kukaa nayo. Huyapigia maji safi na kuyasafisha kwa minyiri usiku na mchana. Muda wote huo hali. Mwili wake hunywea, na mayai yaanguliwapo naye hufa.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya Wasini hukupwa sana na miamba ikabaki wazi. Ndipo watu hutoka kwa miguu, kila mmoja na mkonjo wake, kutafuta pweza. Siku moja ya namna hiyo, yule mzee wa kapu alimkuta kijana mmoja ameacha mkonjo na kushika mtaimbo wa chuma, anavunja matumbawe kulizunguka tundu moja.

"Shikamoo, mzee," alisema kijana bila kuinua uso.

"Marahaba, mwanangu. Weka mtaimbo kwanza."

"Mzee, huyu pweza ni mkubwa, amekataa kutoka. Na karo ya mdogo wangu inangojewa Jumatatu."

Mzee alichutama, akaonyesha kwa kidole. "Tazama mlango wake. Hakuna maganda ya kaa hata moja. Mawe haya hakuyaleta maji; ameyapanga mwenyewe. Huyu yu juu ya mayai. Ukimtoa leo umemtoa yeye na wanawe wote, na nyumba umeivunja, hata mwingine hatapata pa kuingia."

Kijana alikaa kimya kidogo, kisha akajibu neno ambalo haliwezi kudharauliwa: "Mimi nikimwacha, mzee, kesho atachukuliwa na mwingine. Nitakuwa nimepata nini?"

Mzee hakumkemea. "Hilo ni kweli," alisema. "Ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuwa la mtu mmoja. Sharti liwe la kijiji."

Kijana aliuacha mtaimbo. Wakaenda pamoja ukingoni mwa mwamba, mzee akamwonyesha tundu lenye maganda mapya mlangoni, na kabla maji hayajajaa alikuwa amepata pweza wawili wa kadiri. Hawakulingana na yule mkubwa, na karo haikutimia siku ile.

VIJIJI VILIVYOFUNGA MIAMBA

Neno la yule mzee limekwisha kujaribiwa mahali pengine. Mwishoni mwa mwaka 2004, wavuvi wa Andavadoaka, katika pwani ya kusini-magharibi ya Bukini, walikubaliana kuifunga kwa miezi saba miamba ya kisiwa kidogo kiitwacho Nosy Fasy, mtu awaye yote asivue pweza hapo. Mwaka 2005 walipoifungua walikuta pweza wakubwa kuliko waliowazoea. Habari ikaenea. Vijiji vingine vya Bukini vikafuata, na baadaye vijiji vya Unguja na Pemba na vingine vya pwani ya Kenya vikajaribu njia hiyo hiyo.

Sababu yake si uchawi. Mnyama akuaye upesi namna hii, akiachwa miezi michache tu, huongeza uzito mwingi. Na jike aliyeachwa hupata nafasi ya kumaliza kazi yake. Lakini mpango huo una masharti yake. Siku ya kufungua, watu wakimiminika kutoka kila upande na kuchukua kila kilichomo, faida ya miezi huliwa kwa siku chache. Na wakati miamba imefungwa, yule ambaye hakuwa na kazi nyingine ila mkonjo sharti ajue atakula nini. Kijiji kisichokaa na kulijibu swali hilo mapema kitamwona mtu wake usiku miambani. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2007 ziliwapa wavuvi wa kila bandari ndogo haki ya kuunda umoja wao wa kusimamia ufuo, kwa hiyo mahali pa kukalia shauri papo.

Wala dawa ya pweza haiwi dawa ya ndugu zake. Kufunga mwamba hakumsaidii sana ngisi wa maji mapana, ambaye leo yuko hapa na kesho yuko kwingine. Dome na ngisi wa miambani hudhurika zaidi kwa juya, wavu wa kukokotwa ambao hung'oa nyasi pamoja na mayai yaliyobandikwa humo. Na juya lilikatazwa nchini Kenya mwaka 2001. Pweza hudhurika kwa mtaimbo. Basi amwitaye kila mmoja ngisi hawezi kujua ni nini kimharibucho nani. Kutofautisha majina ni mwanzo wa kuhifadhi mali.

Jioni, wavuvi wa Wasini warudipo, huwasha moto wa makaa na kumweka pweza juu yake. Joto likimshika, minyiri hujikunja, na katika kujikunja huko huyavuta makaa yaliyo pembeni na kujifunika nayo. Kwa ajili hiyo wazee walisema tangu zamani kuwa pweza hujipalia makaa, wakimkusudia mtu ajileteaye madhara kwa mkono wake mwenyewe.

Jioni ya siku ile, yule kijana alikaa karibu na moto, mtaimbo ukiwa umelazwa nyuma yake. Wazee walikuwa wakizungumza habari ya kuufunga mwamba mmoja mpaka baada ya kusi, na kila mmoja alikuwa na mashaka yake. Kijana alisikiliza kwa muda mrefu. Mwisho aliuliza, kwa adabu, kama wakati wa kufungwa kwa mwamba ingewezekana wasio na mashua wakapewa nafasi katika mashua za wavuvi wa ngisi wanaotoka usiku na taa. Wazee walitazamana. Halikuwa swali dogo, na mazungumzo yakaanza upya.